Seli Isiyojua Kushuka

Hapa La Paz tunazaliwa na deni la hewa.
Mgeni hutoka uwanja wa ndege, hatua tano, ameshika ukuta;
sisi tunapanda ngazi na gunia la viazi mgongoni
kwa sababu damu yetu ilishajifunza kuwa nyingi.
Hewa ikipungua mwili hupiga mbiu:
ongezeni damu, chimbeni mifereji.
Na hewa ikitosha yuko karani wa kuichana mbiu hiyo.

Karani huyo ameandikwa katika jeni moja,
kromosomu ya tatu, mkono mfupi.
Kazi yake ndogo, haina sifa.
Mchana kutwa anachana. Usiku anachana.
Hakuna anayemjua mpaka siku asipokuja kazini.

Dada yangu Delfina alipewa karani mmoja mzima.
Wa pili alitoka kwa baba, kilema tangu tumboni,
baba aliyepofuka jicho la kushoto na miaka thelathini na mmoja,
nasi tukaulaumu mgodi, vumbi, pombe,
bibi akamlaumu mjane fulani wa Oruro.
Mmoja akiwepo, mtu huishi. Hucheka. Huajiriwa
kwenye vibanda vinavyopita kwa waya juu ya mapaa ya El Alto,
abiria wanane, mlango, haya, twende.
Kisha ndani ya figo, katika seli moja,
yule aliyebaki naye akafa.
Hakuna aliyesikia kishindo.

Seli ile ikaanza kulia hewa, hewa,
na hewa imeijaa mdomoni.
Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa;
hawakumwona huyu, ameshiba na bado anagonga sahani.
Na mishipa ikaja.
Ikaja bila kuuliza, ikachimba vichochoro
vilivyopinda, vinavyovuja, visivyo na mwisho,
kila kimoja kimebeba chakula cha mwongo.

Daktari Iriarte alimwambia: shuka Santa Cruz,
mapafu yapumzike, wakupasulie huko.
Akashuka. Mita mia nne tu juu ya bahari.
Akanipigia simu: hewa ya huku nzito, unaweza kuitafuna.
Vidole vimepungua wekundu. Analala.
Lakini seli haikushuka naye.
Imebaki kileleni,
imejifunga skafu, inatweta,
inaandika mbiu juu ya mbiu.

Mimi hukata nyama za wagonjwa, nyembamba kuliko ganda la kitunguu,
ghorofa ya chini ya hospitali, mwaka wa kumi na tisa sasa.
Sheria inakataza kugusa sampuli ya ndugu.
Sampuli ilipanda kutoka Santa Cruz na namba, si jina.
Namba niliijua.
Chini ya hadubini seli zilikuwa angavu, karibu tupu,
kama vyumba vya watu waliohama usiku,
na kati yake wekundu, wekundu.
Nilihesabu mishipa ndani ya duara moja.
Arobaini na moja. Nikapotea, nikaanza upya.
Niseme kweli: ilikuwa nzuri.
Uzuri wake uliniudhi siku nzima.

Kuna vidonge siku hizi vya kuiziba mishipa masikio
isisikie mbiu. Iriarte anasema tujaribu.
Sijamuuliza miaka mingapi.

Majibu yangu yalitoka Jumanne.
Makarani wawili, wazima, wote wako mezani.
Baba mmoja, mama mmoja,
kitanda kimoja tulichogombania blanketi,
na sarafu ikaangukia upande wangu.

Jioni Delfina akapiga. Umekula?
Nikasema namenya viazi.
Akasema, basi menya na vyangu.
Nikamenya. Maganda marefu, mekundu,
yakijipinda juu ya mengine kwenye karai,
na yeye akinisimulia embe za huko, bei zake,
na mimi sikumwambia.